Siku Niliyofuta Majina

Nilirudi Juba nikiwa na cheti cha kompyuta kutoka Nairobi, na kiburi kilichokizidi cheti hicho mara tatu. Ilikuwa miaka ile ya amani, kabla ya kura ya kujitenga na kaskazini, watu wakirudi kutoka kila upande. Mimi nililelewa Kenya, na Kiswahili changu cha Eastlands nilikitembeza mjini kama shati jipya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ofisi ya kanisa ilinipa kazi ya kuwaandikisha watu walioshuka kwenye bandari ya mtoni kutoka matishari ya kaskazini. Kila mmoja alitaja jina lake, jina la mama yake na mahali atakapokaa, ili ndugu wakija kumuulizia wajue pa kumpata. Kabla yangu, haya yaliandikwa katika daftari kubwa. Niliyaingiza yote kwenye kompyuta, nikatangaza kwamba daftari ni mambo ya kale, kisha nikampa mama muuza njugu wa langoni afungie njugu zake. Wenzangu walinipigia makofi. Nakala ya pili sikuweka popote.

Jenereta yetu iliangaliwa na Mganda mmoja wa makamo, mtu mpole. Kila siku saa saba mchana aliizima ipumzike hadi saa tisa. Aliwahi kuniambia kwamba kule Kampala alikuwa fundi wa kompyuta, nami nikacheka mbele ya watu na kuiga Kiswahili chake. Tangu hapo nilimwonea haya, na badala ya kumwomba radhi nikamnunia. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumamosi moja niliweka programu mpya niliyoletewa kwenye flashi. Kioo kiliandika kwamba kompyuta isizimwe mpaka kazi iishe. Saa saba ilikuwa inakaribia. Kwenda kumwambia Mganda "tafadhali iache iendelee" kulitaka hatua ishirini na ulimi wa adabu, na vyote viwili vilinishinda. Nikaitegemea betri ndogo ya akiba iliyokuwa chini ya meza, ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika.

Ndipo akaingia mama mmoja mfupi. Alikuwa ametoka kambini Uganda, amefikia kwa jamaa zake mtaa wa Mangateen. Alimtafuta mwanawe waliyepotezana naye vitani akiwa bado mvulana. Alikuwa amesikia kwamba kijana huyo amerudi kutoka Khartoum. Magotini alipakata viatu vya kiume, vipya, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimwambia kompyuta ina kazi, arudi Jumatatu. Hata lango hajalifikia, jenereta ikanyamaza. Betri ikalia mara nne, kioo kikawa cheusi.

Jumatatu kompyuta iliwaka, ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba faili fulani halipo, ikajizima, ikajiwasha, ikarudia yaleyale. Nilibonyeza kila kitufe nilichofundishwa. Nilifungua kasha, nikachomoa vibao vya memori na kuvisugua kwa kifutio cha penseli, kama tulivyofanya chuoni. Yaleyale. Jasho lilinitoka, na wenzangu walisimama nyuma yangu wakiamini kwamba najua ninachofanya. Sikujua. Nilibakiwa na dawa moja tu, ile tuliyotibia kila ugonjwa chuoni: kufomati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya.

Mganda alikuja akasimama mlangoni, mikono imejaa oili. "Ngoja, ssebo," akasema, kwa heshima wanayopeana kwao. "Hapana futa. Toa diski, unga kwa kompyuta ingine, majina itatoka. Mimi iko na waya yake nyumbani."

"Wewe angalia jenereta yako," nikamwambia.

Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Baada ya muda iliwaka vizuri kabisa, safi, na ndani yake hamna jina hata moja. Wenzangu wakapiga makofi tena.

Mama alikuwa ameshafika na viatu vyake. Alinitajia jina la mwanawe, nami nikajifanya natafuta, nikishusha kurasa tupu moja baada ya nyingine. Aliifuata mikono yangu kwa macho.

"Mafi?" akauliza kwa Kiarabu cha Juba. Hayumo?

Ningesema nimefuta. Neno moja tu. Lakini wenzangu walikuwa wanasikiliza, na makofi yao bado yalikuwa masikioni mwangu.

"Mafi," nikajibu.

"Shukran, jena tai," akasema. Asante, mwanangu. Alinishukuru! Nje, Mganda alimpa maji ya kunywa, naye akampa vile viatu, akisema hana tena wa kumpelekea. Kesho yake mama alipanda lori akarudi Uganda.

Mficha uchi hazai. Mwezi mzima niliificha aibu yangu, nikiwaambia wenzangu kwamba orodha naipanga upya. Kisha akaja mwanamume mmoja mrefu, amevaa kandambili.

"Niliandikwa hapa siku niliyoshuka bandarini," akasema. "Nakaa Hai Malakal. Nimekuja kuuliza kama mama yangu amenitafuta."

Akalitaja jina lake, lilelile nililotajiwa. Na mtaa wa Hai Malakal, kutoka ofisini kwetu, ni mwendo wa kumaliza pakiti moja ya njugu.

"Alikuja," nikasema.

"Mlimwambia nini?"

Niliitazama kompyuta, kisha nikaacha kuitazama. "Nilimwambia mafi. Jina lako lilikuwemo. Nililifuta mimi."

Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Mganda alikuwa amesikia kila kitu. Akaingia kwenye kibanda cha jenereta, akatoka na ule mfuko wa nailoni, fundo lake halijafunguliwa. Akamweleza ulikotoka. Yule mwanamume akaketi kwenye ngazi, akavua kandambili, akavaa viatu polepole. Vilimbana. Akazifunga kamba hivyohivyo, akasimama, akamuuliza Mganda, si mimi, lori la kwenda Uganda linaondokea wapi.