Gauni la Kupigiwa Magoti

Dada yangu alijua kupiga magoti. Mimi nilikuwa naanguka tu chini, na shangazi hakuchoka kunisema. Kwetu Dabani msichana hampi mgeni maji ya kunawa akiwa wima. Anashika beseni, anashuka polepole, anatazama chini, anangoja. Mgeni awe padri au muuza chumvi, ni mgeni.

Kwa hiyo alipokuja mama mmoja wa Kizungu na mwanamume mwenye kamera, wakasema wanapiga picha za maisha ya vijijini, dada aliwapelekea maji kama alivyompelekea kila mtu. Kamera ikalia mara kadhaa. Wakashukuru, wakaenda zao, nasi tukawasahau.

Miezi ikapita. Uhuru ulikuwa bado mpya, na dada alikuwa amepata mchumba kutoka kijiji cha Kiyeyi. Wakwe walikuwa waje kumwona Jumapili. Ijumaa mama akatutuma mjini Tororo kununua kitambaa cha kumshonea. Tulipofika kwenye maduka tukakuta watu wamejaa mbele ya duka moja la nguo, wanapiga kelele. Mimi kwa umbea sijambo, nikamvuta dada mkono tukajipenyeza.

Ukutani palibandikwa tangazo kubwa la rangi. Mwanamke wa Kizungu amesimama na gauni la buluu, kidevu juu. Miguuni pake msichana mweusi amepiga magoti, ameshika pindo la gauni kwa mikono miwili. Chini yake pameandikwa: "Gauni la kupigiwa magoti."

Nilimtambua kabla sijataka kumtambua. Shingo ile ilikuwa yake, na kovu lile chini ya sikio, alipomwagikiwa uji akiwa mtoto. Beseni halikuwepo. Walikuwa wamelifuta, wakachora gauni mahali pake.

"Tumepata uhuru, na bado wanatupigisha magoti mbele ya nguo!" mwanamume mmoja alifoka.

"Mimi nilitumiwa tu, ndugu zangu, sikuchora mimi!" mwenye duka alijitetea huku akifunga milango.

Kisha mwanamke aliyekuwa mbele yetu kabisa akauliza, "Na huyu msichana je? Alipewa nini akubali kutuaibisha hivi? Mimi nikimpata, nachapa yeye!"

Wengi wakaitikia. Dada alivuta leso ikafunika sikio, nami nilitaka kupayuka kwamba alikuwa ameshika beseni, beseni la nyumbani kwetu, lakini nikamshika mkono tu, nikamvuta nyuma. Mtu akaruka akalichana tangazo. Kipande chenye dada kikaanguka, watu wakakikanyaga wakienda kuugonga mlango. Walikuwa na haki ya kukasirika, na mpaka leo nasema hivyo. Lakini niliwachukia wote, mmoja mmoja.

Tulirudi bila kitambaa. Njiani dada aliniuliza jambo moja tu: "Watu wa Kiyeyi wanakuja Tororo?"

"Hawaji sana," nikamwambia. Sote wawili tulijua hawana mji mwingine.

Jumamosi kila baiskeli iliyopita barabarani tuliisikiliza, tukidhani ni mshenga amekuja kuvunja uchumba. Mama alimweleza shangazi, na shangazi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliizungusha chai yake mpaka ikapoa.

"Akisimama, watasema hana adabu," alisema mwishowe. "Akipiga magoti, watasema ni yule wa ukutani. Mimi sijui."

Wageni walifika Jumapili baada ya ibada. Mama mkwe alikuwa mwembamba, macho makali, na nilimwona akiangalia kila kitu kuanzia paa mpaka vikombe. Dada akaingia na beseni. Gauni lilikuwa la zamani na leso haikulifunika kovu. Mama mkwe alikazia macho pale pale, chini ya sikio. Nikajua ameliona tangazo.

Dada alisimama. Alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akatazama mikono ya wageni wote kama kuna aliyeshika kamera. Baba alikohoa. Nilimchukia hata baba.

Halafu akashuka, polepole, vilevile kama siku zote, akanyoosha beseni.

Mama mkwe hakunawa mara moja. Aliitazama ile mikono miwili, akalitazama beseni, akaitazama tena mikono.

"Kumbe ulikuwa umeshika beseni," alisema.

Dada alilia, machozi yakadondoka kwenye maji, na mama mkwe akanawa maji hayo hayo bila haraka.

Aliolewa Kiyeyi. Leo ana wajukuu, na mgeni akija kwake bado anapiga magoti vizuri kuliko sisi wote. Ila kwanza hutazama mlangoni, kisha dirishani, kisha mikono ya mgeni.