Mlango wa Mgonjwa Haugongwi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kutundikiwa dripu ya kemo, wala hakuwajua wanawake wa chama chetu cha kuchangiana hapa mtaani Jericho.

Nina saratani ya titi. Naitaja kwa jina lake, maana majirani husema "ule ugonjwa" huku macho yao yako kifuani pangu. Kabla ya dripu ya kwanza muuguzi alinieleza bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dawa inaua chembe za mwili zinazozaliana haraka, akasema, na saratani huzaliana haraka. Ila mizizi ya nywele nayo ni hivyo hivyo, na ngozi ya ndani ya mdomo, na utumbo, na damu inayopigana na maradhi. Dawa haichagui. Nisishtuke mkojo ukitoka mwekundu, ni rangi ya dawa yenyewe. Baada ya kama wiki moja kinga ya mwili ingeshuka kabisa, nikae mbali na watu wenye mafua. Nikipata homa nisimeze vidonge nikalala, nikimbie hospitali saa hiyo hiyo.

Nilitapika, vidonda vikanijaa mdomoni hadi uji ukaniuma. Kinga iliposhuka, ndipo chama kikaja kunijulia hali. Chama kizima! Wakajaa sebuleni, wakaimba, wakanishika mikono mmoja mmoja. Mwenyekiti aliniwekea viganja kichwani akaomba huku anakohoa. "Ni vumbi tu la soko," akasema. Vumbi gani hilo lenye makamasi? Nami nikaitikia amina, eti adabu.

Adabu hiyo ilinilaza wodini nikitetemeka kwa homa. Dripu ya pili ikaahirishwa mpaka kinga ya damu ipande. Daktari hakunibembeleza: kila dawa ikichelewa, uvimbe unapata nafasi ya kukua. Nilitamani kumtemea mtu mate, basi tu sikuwa na mate.

Baada ya dripu ya pili nikafunga mlango kwa komeo. Ukitaka kuniona, simama nje, tuongee kupitia dirishani. Maneno yakaenea ploti nzima: siku hizi anaringa na ugonjwa, anadhani yeye ndiye wa kwanza kuugua. Waseme! Midomo ni yao, damu ni yangu.

Kisha akaja mama yangu mzazi, kutoka Murang'a, bila kupiga simu. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anakohoa kuanzia getini, kile kikohozi cha kifuani. Nikafungua dirisha kidogo, nikajifunika pua kwa leso.

"Fungua mlango, nimekuletea njahi," akasema, akiinua sufuria ya yale maharagwe meusi ya kwetu.

"Mama, unakohoa. Siwezi kufungua."

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Kikohozi changu kitakuua wewe?"

"Ndiyo, Mama. Kinaweza."

Majirani walikuwa wametoka vibarazani, wengine wakijifanya wanaanika nguo. Mama akaanza kulia kwa sauti. Nikamwambia aende kwa dada yangu kule mtaa wa Umoja, akipona arudi. Akaniuliza kama yeye ni mbwa wa kufukuzwa mlangoni. Woi, nilimpenda na nilimchukia papo hapo. Nilitaka anishike. Nilitaka pia aondoke na kile kikohozi chake kabla sijafungua, maana mkono ulikuwa tayari uko kwenye komeo. Nikapiga kelele, "Nenda, Mama! Nenda!" Akaacha sufuria ya njahi kizingitini, akaenda zake. Jirani mmoja akanitemea neno moja: laana.

Sikupata homa. Damu ilipopimwa ilikuwa imepanda, na dripu ya tatu niliingiziwa siku yake hasa. Daktari akapapasa uvimbe, akasema umeanza kupungua.

Nilimpigia Mama simu nikiwa bado kwenye kiti cha dripu, sindano mkononi. Nilitaka asikie yeye kwanza.

"Nani mwenzangu?" akauliza. Namba yangu anaijua. Sauti yangu anaijua.

"Ni yule ambaye bado yuko hai," nikamjibu, nikakata simu kabla hajanikatia yeye.