Chokaa Iliyokataa Vidole

Nilisoma hadi darasa la sita tu, kwa hiyo mambo ya virusi nitayasema kama nilivyoambiwa, nisijifanye daktari. Ilikuwa miaka ya themanini, na surua ilikuwa imepita vibaya upande wetu wa Kisian. Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja kikubwa cha watoto, kimepakwa chokaa nyeupe tupu, na akina mama walikikataa. Walisema kinafanana na mochari. Mama angefika mlangoni, angetazama ndani, angemfunga mtoto mgongoni tena na kurudi naye nyumbani. Baadhi ya watoto hao tuliwazika.

Sista aliyesimamia kituo alikuwa amepita kwangu siku moja akaona nyumba yangu. Sisi wanawake wa huku tunakandika kuta kwa mikono, na udongo ukiwa bado mbichi tunauchora kwa vidole: mawimbi, meno ya kitana, njia ya nyoka. Nyumba yangu ilisifiwa kidogo. Ya mke mwenzangu mkubwa, mikayi wa boma letu, ilikuwa imenyooka kuliko yangu, lakini yake ilikuwa nyuma, haionekani barabarani. Naandika hivyo ili nisijipe sifa isiyo yangu.

"Mama, nataka ukuta kama wako," Sista akaniambia. "Ila udongo siuruhusu hapa. Nataka chokaa kali, na ndani yake mrututu, yale mawe ya bluu wanayoyeyusha wenye mashamba ya nyanya. Surua inaletwa na virusi. Mtoto akikohoa, vinatua ukutani. Nataka vikitua, vife."

Kisha akanionyesha kitambaa cheusi. Angeusugua ukuta nacho. Kikitoka na unga mweupe, kazi imeanguka, maana dawa ingeishia kwenye nguo za akina mama. Akanipa wiki mbili. Baada ya hapo angemwita fundi kutoka Kisumu apake rangi ya mafuta, na mambo ya maua yaishe.

"Rangi ya mafuta si mbaya," akasema. "Inaoshwa vizuri. Lakini itakuwa mochari inayong'aa."

Nilikubali haraka mno. Usiku ule niliandika kwenye daftari: "Nimesema ndiyo. Sijui nimesema ndiyo kwa nini."

Mrututu nikauyeyusha kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu Sista alinionya kwamba unakula debe. Nikaumwaga kwenye chokaa na mchanga laini. Rangi ikatoka nzuri sana, bluu ya mbali, kama ziwa likionwa kutoka mlimani. Nikafurahi bure. Nilipoupaka ukutani na kuanza kuchora, mstari wa kwanza ukakubali, wa pili ukavuta, wa tatu ukamomonyoka. Udongo unakungoja, hata ukiitwa nje kusalimia mgeni utaukuta vile vile. Chokaa haingoji mtu. Nilikuwa nimevaa mifuko ya nailoni mikononi chokaa isiniunguze, lakini vidole ndani ya nailoni ni vipofu, nikaivua, nikaungua. Jioni ukuta wote ulikuwa na nyufa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Sijawahi kuona ukuta uliokandikwa bila mavi ya ng'ombe. Mama yangu alitia, bibi yangu alitia, ndiyo yanayofanya udongo ushikane na kulainika. Nikajiambia, Sista amekataa udongo, mavi hakuyataja. Nikaleta ndoo nimeifunika kwa kanga, nikachanganya asubuhi na mapema kabla hajafika.

Kweli, ililainika. Nilichora upande mzima nikiimba. Kesho yake ukifungua mlango machozi yanatoka, harufu kali kama choo cha soko. Bluu ilikuwa imegeuka kijani cha maji ya bwawa.

"Mama, umetia nini hapa?"

Nilitaka kusema sijui. Nikasema, "Mavi ya ng'ombe, Sista."

Hakupaza sauti. "Nimekuomba uwaue wadudu, wewe umewapikia."

Tuliubandua ukuta wote, mimi na yeye, naye amekunja mikono ya gauni lake jeupe. Lazima niliseme hilo. Angeweza kunifukuza pale pale. Wiki moja ilikuwa imekwisha.

Nyumbani nilimkuta Mikayi anachambua mrenda mbele ya jiko lake. Akaitazama mikono yangu.

"Nyieka, hiyo mikono umeichemsha?"

Mke mwenza akikuita nyieka, yaani mke mwenzangu, kwa sauti ile, jua kuna kitu kinakuja.

"Ni chokaa," nikasema. "Inakauka kabla sijamaliza kuchora."

"Na wewe kipi chako si kikavu? Ugali wako mkavu, salamu zako kavu. Kinachoteleza kwako ni mrenda peke yake. Si uwapelekee huo huko kituoni wapake?"

Watoto wakacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimechelewa, halafu nikaacha kucheka. Nikauangalia mrenda kwenye ungo wake. Ukiuchemsha kwa magadi unavutika kama kamba, unashuka kooni wenyewe.

Kesho yake nilichemsha sufuria nzima, nikachuja kwa kitambaa, nikabeba ule ute hadi nyuma ya stoo ya kituo, nikajaribu mahali pasipoonekana. Bakuli moja kwa ndoo ya chokaa: bado inavuta. Bakuli tatu: inashuka ukutani kama uji. Bakuli mbili, vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Nikachora wimbi, nikalifuta, nikalichora tena, na chokaa ikaningoja. Nilipaka mafuta mikononi nisiungue, na hayakuniharibia kitu. Siku ya tatu nikausugua ukuta kwa sketi yangu nyeusi. Sketi ikabaki nyeusi.

Chumba kizima kisingeweza kuwa kazi ya mtu mmoja. Nilienda kwa Mikayi nikamwambia ukweli wote, kwamba tusi lake limefanya kazi. Aliweka ungo wake chini. Kisha akauliza, "Mrenda unachemsha na magadi kiasi gani?" Nikamwonyesha. "Mengi mno," akasema, na asubuhi akaja na chungu chake mwenyewe. Tulikandika siku nne, safari hii ute wa mrenda ukiwa wazi mbele ya Sista. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu.

Jumatatu fundi wa Kisumu alifika na makopo yake ya rangi, akaketi kwenye ngazi kungoja. Sista akachukua kitambaa. Alisugua karibu na mlango, akasugua chini ya dirisha, akapanda kiti akasugua juu. Akakigeuza kitambaa huku na huku kwenye mwanga.

Cheusi.

Fundi naye akainuka, akapitisha kiganja ukutani. "Hii imeshika," akasema, akaanza kufunga makopo yake. Ni muungwana, angeweza kutafuta kasoro.

"Nani aligundua dawa hii ya kulainisha?" Sista akauliza.

"Mikayi," nikasema.

"Uongo," Mikayi akasema. "Mimi nilikuwa namtukana."

Sista alicheka hadi akashika ukuta, na hata mkono wake haukutoka na unga.

Kama virusi vilikufa, siwezi kuapa. Sikuviona vikiwa hai, sembuse vikiwa maiti. Baadaye kona ya dirisha ilipata ufa mmoja, nao niliuandika. Lakini juma lile vitanda vilijaa. Mama wa kwanza kuingia alisimama mlangoni kama walivyosimama wengine, nasi tukijifanya tunaosha ndoo. Msichana wake aliyekuwa mgongoni, macho yamevimba hata hayafunguki, alinyoosha mkono akagusa ukuta, kidole chake kikaangukia ndani ya mstari wa wimbi. Akaanza kuufuata. Mstari ulikuwa unaelekea ndani, na mama yake, ili kidole cha mtoto kisiachane na mstari, akaenda nao hatua kwa hatua hadi kitandani.