Tundu la Jeti na Wifi Yangu

Wifi yangu akiwa kazini haongei na watu, anaongea na vyuma. Nimemcheka kwa hilo miaka na miaka, tena mbele yake, maana wifi asiyetaniwa atajuaje kwamba anapendwa? Siku ya ukaguzi wa mashua, hata hivyo, nilifunga mdomo. Wanaonijua wanaelewa kwamba hilo si jambo dogo.

Kazi yangu ni kuvusha watu mtoni kwa mashua ndogo. Injini yake ni ya kupachika nyuma, kuukuu kumshinda kifungua mimba wangu, na huyo ana ndevu. Mwaka ule shule ya ng'ambo ilitafuta mtu wa kuwavusha wanafunzi asubuhi na jioni, nami nilikuwa naitaka kazi hiyo kupita kiasi. Sharti lilikuwa moja: mkaguzi apande, injini ivuke na kurudi mara tatu bila kuzima. Ikizima, kibali hupati.

Ilizima safari ya kwanza kabisa, katikati ya mto. Nilipiga kasia mpaka gatini, mkaguzi kakumbatia begi lake kama kitoto kichanga.

"Mama, mimi naondoka saa tisa," akasema akipangusa suruali. "Ukiitengeneza kabla ya hapo tutarudia. Vinginevyo kazi anapewa yule mwenye boti kubwa."

Ilikuwa saa sita na nusu. Plagi nilishabadilisha, kamba ya kuwashia nilishavuta hadi bega likawaka moto. Nikamfuata wifi.

Nyumbani kwake chumba cha mbele ndicho karakana. Meza iko dirishani, majiko ya mafuta ya taa yamepangwa ukutani, na makopo yana pini, nati na vipande vya ngozi. Karakana ilikuwa ya kaka yangu. Kaka alikuwa fundi wa majiko, halafu macho yakaanza kumwacha taratibu mpaka akawa haoni hata kiganja chake. Mikono ilikuwa bado inaijua kazi. Basi mkewe akawa anakaa ubavuni, anamsimulia. Skrubu tatu, ya kushoto ina kutu. Tundu limeziba upande mmoja. Kaka anauliza, "Kutu ya unga au ya magamba?" Naye anainama, anatazama tena, anajibu. Walifanya kazi hivyo miaka kumi na mmoja. Kaka alipotutoka, sisi tulidhani karakana itafungwa. Wifi alikaa kwenye kiti kilekile, akaendelea kusimulia.

"Imezima vipi?" aliniuliza kabla sijamaliza salamu.

"Imezima, basi. Kuzima kuna namna ngapi?"

"Wifi, imekatika ghafla kama taa, au imekufa ikiombaomba?"

Nikafikiri. "Imeombaomba. Imelegea, imekohoa, ikafa."

"Basi umeme mzima. Ni njaa ya petroli hiyo." Akachukua kopo lake la zana tukashuka mtoni.

Hakugusa spana. Alilegeza kifuniko cha tangi ili hewa iingie, akaniambia niwashe na niongeze moto. Ilipoanza kulegea, akaminya kile kibofu cha mpira kinachosukuma petroli. Haikubadilika. Akavuta choki kidogo, kile kidude cha kubana hewa. Injini ikapata nguvu ghafla, ikanguruma vizuri, kisha ikalegea tena.

"Umeona?" akasema. "Ukiipunguzia hewa inafurahi. Petroli inafika mlangoni vizuri, ila inayoingia ndani ni kidogo. Njia imebanwa ndani ya kabureta."

Mimi injini ile naiendesha miaka tisa na sikuwahi kujua kwamba inaweza kuulizwa maswali ikajibu.

Alitandika kitambaa cheupe kwenye ubao wa kukalia, akaanza kufungua, na maneno yakaanza. "Skrubu mbili za pembeni, ndefu iko juu. Mpira wa kuzibia mzima. Kikombe cha chini kina petroli nusu." Petroli ile aliikinga kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani. Ilikuwa safi, bila tone la maji chini.

"Si nilijua," nikasema. "Petroli yangu naichuja mwenyewe, kila kidumu. Siyo kama wachafu wengine hapa gatini."

Alitoa jeti, kijiskrubu cha shaba chenye tundu katikati, kidogo kama punje ya mchele, akaielekeza angani na kufumba jicho moja. "Duara halijakamilika," akasema, na hakuwa akiniambia mimi. "Nusu mwezi. Kitu laini. Si kutu."

Nilikuwa na kipande cha waya tayari. Nikakinyoosha. Akanipiga kofi mkononi.

"Ukichokoa kwa waya utalipanua. Tundu hili lina kipimo chake. Likiongezeka unene wa unywele, injini italewa petroli kila siku."

Aling'oa unywele mmoja wa brashi ya nailoni, akaupitisha polepole, akapuliza. Kwenye kitambaa cheupe kikadondoka kijivumbi cha bluu. Alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Wifi, unachujia nini?"

Nikachomoa kitambaa changu kutoka mdomoni mwa kidumu. Nilikuwa nachujia kipande cha sweta la bluu la shule la kitinda mimba wangu.

"Petroli yako haina uchafu," akasema. "Imevaa sweta tu."

Kisha akanipa jeti. "Tazama."

Nikafumba jicho. Mwanzoni sikuona kitu, halafu mwanga ukatokea, duara dogo kuliko tundu la sindano, kali, limekamilika. Mashua nzima, mimi na unene wangu, wanafunzi na madaftari yao, tulikuwa tunavuka mto kupitia hapo. Nikaendelea kutazama mpaka akaninyang'anya.

Akarudishia kila kitu akisimulia kinyumenyume, cha mwisho kikawa cha kwanza, bila kukosea neno wala skrubu. Nikatambua kwamba yale niliyokuwa nayaita kuongea na vyuma yalikuwa ni ramani. Na nilijua anamsomea nani.

Saa nane na robo nikamwita mkaguzi. Akapanda akiwa amenuna. Tukavuka, tukarudi. Tukavuka tena. Kila tulipofika pale katikati nilitega sikio, nikisubiri kile kikohozi. Hakikuja. Safari ya tatu, tukiwa tunarudi, nilitazama gatini nimwone wifi anasubiri majibu kama mimi. Alikuwa ameshatupa mgongo, anapanda njia ya kwake na kopo lake, bila haraka, midomo ikichezacheza. Injini alikuwa anaisikia, ila mguu hakuusimamisha hata mara moja.

Sijui nilimtazama kwa muda gani.

"Mama," mkaguzi akasema, kibali na kalamu mkononi, "kibali nimeshasaini. Lakini gati tumeliacha kule nyuma."