Breki za Nyuma za Gari la Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa dramu ya breki ya landrova niishike, nikaiangusha. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwa taabu, na mwandiko wangu hata mimi mwenyewe nilikuwa nausoma kwa kukisia. Fundi Mkuu wa gereji ile, pale Same kando ya barabara kuu, hakunitukana. Aliniambia niiokote, niingize mkono ndani, nizungushe vidole taratibu. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia pako laini kama kioo.

"Basi hapo ndipo watu wanapofia," akasema. "Breki inataka kukwaruza. Ikiteleza, gari ni jiwe tu."

Nilicheka, maana mafundi wengine walicheka. Lakini usiku ule sikula vizuri.

Nawaandikia ninyi vijana, na wale mnaopenda kujitengenezea magari yenu nyumbani, kwa sababu nimeifanya kazi hii miaka thelathini na tano na hakuna fundi kati ya Same na Mwanga anayeweza kunifundisha dramu. Nasema hivyo bila aibu. Nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kusomesha watoto watatu kwa breki za nyuma peke yake. Cheti sina. Nina vidole.

Breki za mbele kila mtu anazijua, anazichungulia kwenye matundu ya rimu. Za nyuma, kwa magari mengi, zimefichwa ndani ya dramu, yaani lile sufuria la chuma linalozunguka na tairi. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, tunaviita breki shuu, vimebandikwa lainingi, ile ngozi ngumu inayoikwaruza dramu. Ukikanyaga pedeli, silinda ndogo inavisukuma vikaibana dramu. Ukivuta hendibreki, ni hivyohivyo vinavyobana. Na chini kati ya shuu mbili kuna kijiti chenye nyuzi za skrubu na kijigurudumu cha meno, hicho ni adjasta. Kazi yake ni kurefuka kidogokidogo kadiri lainingi inavyolika, ili shuu zisikae mbali na dramu. Kumbuka jambo moja: nyuzi za adjasta ya kushoto na za kulia hazikukatwa namna moja. Kila moja inafunguka kinyume cha mwenzake.

Fundi Mkuu alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, fungua upande mmoja tu, ule wa pili usiuguse. "Wewe kusoma huwezi," aliniambia, "kwa hiyo upande wa pili ndio kitabu chako. Ukisahau springi inakaa wapi, nenda kasome." Amri ya pili, aliyefunga breki anapanda gari hilo siku linaposhuka mlima. Hakuwa na mzaha na amri hiyo. Mara ya kwanza nilipandishwa landrova iliyobeba maharage, tukishuka kutoka juu, ukungu umeziba bonde lote la upande wangu. Sikuona bonde, ila nililisikia, baridi yake ilikuwa inapanda kupitia mlangoni. Tulipofika tambarare dereva alilazimika kunibandua vidole kwenye mpini wa mlango. Toka siku ile niliogopa, na sikumwambia mtu. Nilijifunza kuongea sana. Mteja akiuliza kama breki ziko sawa, nilijibu, "Asilimia mia, lala usingizi." Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyojisifu.

Baadaye nilihamia Kwakoa, kwenye karakana ya shamba la mifugo. Meneja wa kule alikuwa mtu wa haraka. Aliniambia, "Fundi, hapa hakuna mlima. Gari likikosa breki litasimama lenyewe kwenye mchanga." Na kweli. Miaka minane ile nilikula na kulala kama mtoto. Lakini niliharibika. Nilianza kufungua magurudumu mawili kwa pamoja, vyuma vyote naviloweka kwenye beseni moja la petroli, nasugua, nafunga. Saa moja na nusu kazi imekwisha, wakati wenzangu bado wanatafuta spana. Meneja alinisifu mbele ya watu. Kile kitabu cha upande wa pili nilikiona cha watoto.

Shamba lilipouzwa nikarudi Same, nikanunua pikipiki, nikafunga kisanduku cha vifaa nyuma, nikawa fundi wa majumbani. Unanipigia simu, nakuja kwako, nakutengenezea uani kwako ukiona kwa macho. Ndivyo nilivyofika Myamba, kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu mkuu, mtu mrefu, mtaratibu, anayeongea kama anasahihisha daftari. Alikuwa na gari dogo la zamani. Kesho yake asubuhi alitakiwa kumshusha mama yake mzazi kwa daktari wa macho mjini, na breki za nyuma zilikuwa zinalia. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa barazani, amefunga kanga kichwani, haoni ila vivuli. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza huyu anayepiga kelele ni nani.

"Ni fundi wa breki, mama," Mwalimu akamjibu. "Anasema kazi yake hairudiwi."

"Mwambie akimaliza gari anifunge na magoti."

Nilifanya kazi safi, nawaeleza na ninyi mjue. Niliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nikalegeza hendibreki, nikapiga jeki, nikaweka na gogo chini, maana jeki si ya kuamini hata siku moja. Dramu ilikuwa imeshikana kwa kutu, nikaigonga kwa nyundo polepole kuizunguka mpaka ikaachia. Vumbi la ndani sikulipuliza kwa mdomo kama tulivyofundishwa zamani. Vumbi lile ndilo limenila kifua. Nililiosha kwa maji ya sabuni. Lainingi zilikuwa zimebaki unene wa karatasi nne. Nikaweka shuu mpya, nikakagua raba za silinda kama zinavuja, nikapiga dramu msasa mpaka ule ulaini ukaondoka. Mambo yote hayo sawasawa. Ila nilifungua pande zote mbili, na adjasta mbili zikalala kwenye beseni moja, kwa sababu mke wa Mwalimu alikuwa amekwishaivisha makande na mimi nilitaka waone nilivyo mwepesi.

Jioni tulilijaribu gari kwenye uwanja wa shule. Pedeli ilishika juu kabisa. Mwalimu akafurahi. Nikalala hapohapo Myamba, na asubuhi nikamwambia nitapanda naye, pikipiki nitairudia, nikatia kisanduku cha vifaa kwenye buti. Nilijidai nataka kuwasindikiza. Ukweli woga ulikuwa umenirudia, na amri ya Fundi Mkuu ilikuwa imenikaa kichwani.

Tuliondoka Mwalimu kwenye usukani, mimi kando yake, mkewe na Bibi nyuma. Sasa mnapaswa kujua adabu ya barabara za milimani: anayepanda ndiye mwenye haki. Anayeshuka anasimama, na pakiwa pembamba anarudi nyuma mpaka penye nafasi. Na Mwalimu alikuwa dereva mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwaona. Kona ya pili tukakutana na lori la saruji. Akarudi nyuma hatua kama hamsini, anakwenda kidogo, anakanyaga breki, anakwenda kidogo, anakanyaga, kwa kuogopa ukingo. Lori likapita, wakapungiana mikono. Kona ya nne, pikapu ya bidhaa za duka. Akarudi tena vilevile.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mguu wake wa kulia. Mwanzoni ulikuwa unashuka kidogo tu. Baada ya lori ulishuka zaidi. Baada ya pikapu ulishuka tena. Nikajiambia ni upepo umebaki kwenye paipu za mafuta ya breki. Lakini upepo hauongezeki kwa kurudi nyuma. Kwenye magari ya namna ile adjasta inajizungusha unapokanyaga breki ukirudi kinyumenyume. Hapo ndipo inaporefuka. Nikaona beseni. Nikaona mikono yangu mwenyewe inaokota adjasta bila kuangalia. Ya kulia ikiwekwa kushoto, badala ya kurefuka inafupika. Kila Mwalimu alipompa mtu njia, shuu zilikuwa zinaiacha dramu.

Nilitakiwa kusema palepale. Sikusema. Niliwaza mke wa Mwalimu, kiongozi wa kwaya, na jinsi habari itakavyozunguka milima yote kabla ya Jumapili. Miaka yote ile ya jina langu. Nyuma Bibi alikuwa anauliza kama daktari atamtia dawa au kisu, mkewe anamtuliza, na upande wangu migomba ilikuwa imekwisha, kumebaki hewa. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba breki zinashika chini kidogo. Nikamjibu ni mpya, zinajizoesha. Jibu hilo linaniuma hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Kona iliyofuata tukakutana na bodaboda amebeba mitungi miwili ya gesi. Mwalimu alikanyaga mara tatu ndipo tukasimama. Akatia gia ya kurudi nyuma. Nikamshika mkono.

"Usirudi nyuma, Mwalimu."

"Huyu anapanda, fundi. Ana mzigo."

"Usirudi. Kila ukirudi breki zinapungua. Nimezifunga vibaya."

Aliniangalia. Kisha, kama mtu mwenye utaratibu wake, akaweka gia huru na kuvuta hendibreki ili anisikilize. Hendibreki ikapanda juu yote bila kushika kitu. Akaondoa mguu, na gari likaanza kwenda.

Alikanyaga, pedeli ikaenda mpaka sakafuni. Nikamwambia apampu pedeli, atie gia ya kwanza, aegemeze kwenye ngema, ule ukuta wa udongo upande wa mlima. Nilisema kwa sauti ndogo sana, sijui alisikiaje. Bodaboda alijibana ukingoni na mitungi yake. Gia ikaingia kwa kukwaruza, gari likakita pua, likaegemea kwa ubavu wake wa kulia kwenye udongo mwekundu, likakwangua, likavunja kioo cha pembeni, likasimama. Nilikuwa nje na mawe mikononi kabla vumbi halijatua.

Nilifungua magurudumu palepale. Sikuwa na la kujitetea: ya kulia ilikuwa kushoto, ya kushoto kulia. Mwalimu alisimama nyuma yangu muda wote, mikono mgongoni. Nikazibadilisha, nikavuta shuu mpaka zikaanza kugusa dramu, nikafunga, nikafungua tena kukagua, nikafunga. Hendibreki ikashika.

"Sasa una uhakika?" Mwalimu akauliza.

Nilifungua mdomo kwa jibu langu la siku zote. Nikaliacha.

"Sina, Mwalimu. Nimefunga sawasawa na nimekagua mara mbili. Lakini uhakika sina."

Akatikisa kichwa polepole, kama nimepata swali moja kati ya kumi. "Basi shuka nalo mwenyewe," akasema. "Sisi tunatembea. Piga honi kila kona, tujue upo."

Zilikuwa zimebaki kona tano. Nimefunga breki za magari zaidi ya ninayoweza kuhesabu, na sijawahi kuziamini kidogo kama zile, wala kuzisikiliza sana kama zile. Gari tupu, mlango nimeuacha wazi niruke, jasho linaingia machoni. Nilipiga honi ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye ya tatu nilisikia mtu ananiitikia kwa mluzi kutoka juu, nadhani ni Mwalimu, na nusura nilie.

Chini kwenye tambarare nilizima gari nikakaa chini ubavuni pake. Wa kwanza kufika alikuwa Bibi, kapakiwa na yule bodaboda, ambaye alikuwa ameiacha mitungi yake njiani kwa ajili yake. Alishuka, akanyoosha mkono mpaka akaligusa gari, akapapasa akapata mpini wa mlango. Nikamwambia awasubiri wenzake.

"Jana uliongea sana, nikaogopa," akasema. "Leo husemi kitu." Akaingia, akafunga mlango.

Niliwapeleka kwa daktari nikiendesha mwenyewe, na jioni nikawapandisha. Mwalimu hakumsimulia mtu. Mkewe alimsimulia kila mtu, kama nilivyojua.

Nimeacha kazi mwaka huu, nina miaka hamsini na miwili, kifua kimekataa. Vijana wananijia nyumbani na maswali ya dramu nami nawajibu, hakuna mwingine wa kuwajibu. Wananiuliza woga unaisha lini. Wangu haukuisha, ulibadilika tu mahali pa kukaa. Zamani nilikuwa nauficha tumboni, baada ya Myamba nikauweka mezani pamoja na spana. Mteja akiniuliza kama nina uhakika, nilimwambia sina, apande nami tushuke wote polepole. Wengi walinikimbia kwa jibu hilo, wakatafuta mafundi wenye asilimia mia. Hao habari zao sizijui. Waliobaki nawajua mmoja mmoja, na siku ya soko nikikutana nao nawahesabu kama wametimia.