Leso za Mama na Neno la Kizungu

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikufundishe neno moja la Kizungu. Neno lenyewe ni "shabby". Si gumu. Mimi nililijua kabla sijajua kusoma, kwetu Msambweni, miaka ya hamsini, na aliyenifundisha ni dadangu.

Dada alikuwa ameolewa Diani na mpishi wa nyumba ya Wazungu. Alirudi kwetu kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo ada, ingawa mama alikuwa ameshafariki na mwenye nyumba sasa alikuwa shangazi. Alikuja na sanduku zima la leso mpya. Akitembea, zilisikika zikikwaruzana kwa wanga wa dukani. Mimi niliyebaki nyumbani kumuuguza mama nilikuwa na doti moja tu, leso zake mwenyewe mama, zilizofuliwa hata maua yake hayajulikani yalikuwa ya rangi gani. Dada akazitazama, akasema memsahibu wao angeziita "shabby".

Nikamwuliza kama maana yake ni chafu. Akasema la, kichafu hufuliwa. Basi imeraruka? La, kilichoraruka hushonwa. "Shabby" ni kitu ambacho sabuni imemaliza kazi yake, na sindano imemaliza yake, na bado kinakutia haya mbele ya wageni. Alieleza vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Ana mume, ana mimba, ana leso zinazolia, na sasa hata Kizungu anacho. Kila nikipita karibu na sanduku lile, jicho langu lilitangulia.

Uchungu ulipomshika, shangazi alitaka nguo laini ya kumpokea mtoto. Akafungua sanduku, akapapasa leso moja baada ya nyingine, akazirudisha. Zote zilikuwa ngumu kama jamvi. Dada akanigeukia, jasho limemjaa usoni.

"Mdogo wangu, nipe zile za mama."

Zile. Zote mbili. Mtu aliyekuwa na kila kitu alitaka na hizo pia. Nikampa shangazi moja, na ya pili nikajifunga kiunoni, nikakaza fundo.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, akalala ametulia ndani ya leso ile kuukuu. Hapo dada akanitazama kiunoni. Akasema mtoto atahitaji na ya kubadilisha.

"Hii haikufai, dada," nikamwambia. "Hii ni shabby."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Dada hakucheka. Alilikodolea macho fundo langu, nami nikalitambua jicho lile: ndilo nililokuwa nikilitupia sanduku lake.

Basi nawe usiogope kulitumia neno hili. Kitu kifue kwanza. Kikikauka, kishone palipoachia. Kisha kitazame tena, na kikikutia haya bado, ndipo useme "shabby".