Mpe Linalouma

Juzi, katika duka la vyombo vya muziki mjini Kisii, nilimkuta mama mmoja kutoka Birongo amemshika bintiye mkono kama wanaovuka barabara. Msichana alitaka gitaa la kuanzia, la bei nafuu.

Muuzaji alimshushia mawili. "Hili nyuzi zake zimekaa juu, vidole vitauma hadi uache. Chukua hili, ni laini kubonyeza."

"Mpe linalouma," mama akasema.

Tulicheka. Yeye hakucheka, aliukaza zaidi mkono wa bintiye.

"Baba yake alianza hivi hivi, na gitaa la kwaya ya kanisa. Wakamwita kupiga katika baa moja Keroka, usiku mmoja tu. Huyu alikuwa bado ananyonya. Mpaka leo hajarudi."

Msichana akasukuma gitaa mbali taratibu. "Basi tuache, mama."

Mama akagusa uzi mmoja. Ukalia, akashtuka kama aliyeungua.

"Funga hilo laini," akamwambia muuzaji. "Na unionyeshe kwa mwalimu wa gitaa. Nitakaa mlangoni hadi huyu amalize somo."

Sisi wengine tukiogopa kitu hukikataza. Yule mama aliondoka akitetemeka, na gitaa alilibeba mwenyewe.